Mashindano ya poka yasiyo na kiingilio: Nani hulipia zawadi?

SIMU ya mkononi imeufikisha mchezo wa karata mahali ambapo kasino hazijafika. Mkazi wa Maruku, kata ya Wilaya ya Bukoba mkoani Kagera inayofahamika zaidi kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo, migomba na mibuni, akiwa na simu yenye intaneti anaweza leo kuketi kwenye meza moja na wachezaji wa Brazil, Ureno na Urusi bila kuondoka barazani kwake.

Miongoni mwa milango inayomwingiza mtu kwenye meza hizo, uliofunguliwa kwa upana zaidi ni ule wa mashindano ya poka yasiyo na kiingilio. Matangazo yake huahidi mambo matatu kwa pamoja: kujiunga bure, kucheza bure na kushinda fedha halisi.

Ahadi hiyo si lazima iwe uongo. Mashindano ya namna hiyo yapo, hufanyika kila siku katika tovuti nyingi za poka, na washindi wake hupata zawadi. Hata hivyo, lipo swali ambalo tangazo halilijibu. Iwapo hakuna mchezaji anayetoa kiingilio, zawadi hutoka mfukoni mwa nani, na huyo anayezitoa hutarajia kuvuna nini?

Tofauti na mashindano ya kawaida

Katika mashindano ya kawaida ya poka, kila mchezaji hulipa kiingilio. Sehemu kubwa ya fedha hizo huingia katika mfuko wa zawadi, na sehemu ndogo hubaki kwa mwendeshaji kama malipo ya huduma. Kwa mfano, wachezaji 100 wakilipa dola 11 kila mmoja, dola 1,000 zinaweza kwenda kwa washindi na dola 100 kwa mwendeshaji. Kwa maneno mengine, washindi hulipwa na wale walioshindwa.

Katika mashindano yasiyo na kiingilio, mfuko huo hujazwa na mwendeshaji mwenyewe au na mdhamini. Anayetolewa mapema hapotezi senti kutoka mfukoni mwake, na anayefika mwisho huondoka na kitu ambacho hakukiwekea dau.

Tofauti hiyo ina uzito hata mbele ya sheria. Nchi nyingi huitambua kamari kwa mambo matatu yanayokwenda pamoja: mtu hutoa malipo, matokeo hutegemea bahati kwa kiasi fulani, na mwisho wake kuna zawadi. Malipo yakiondolewa, mchezo huo huweza kuonekana kuwa shindano la matangazo ya biashara badala ya kamari, ingawa kila nchi ina masharti yake.

Mashindano hayo yamegawanyika katika aina kadhaa. Yapo yaliyo wazi kwa kila mwenye akaunti, ambayo huvutia umati mkubwa na zawadi zake ni ndogo. Yapo yanayohitaji nenosiri, ambalo hutolewa kwa kundi maalumu la watu. Aidha, yapo yanayoitwa ya bure lakini hufunguliwa kwa wale tu waliokwisha kuweka fedha kwenye akaunti. Hayo ya mwisho huwa na zawadi nono zaidi, na sababu yake ni dhahiri: mchezaji alikwishalipia nafasi yake kwa njia nyingine.

Nje ya intaneti pia mtindo huo upo. Nchini Uingereza, Marekani na Australia, baa nyingi zimewahi kuandaa ligi za poka zisizo na kiingilio katika siku za katikati ya wiki ambazo wateja huwa wachache. Mwenye baa hachukui chochote mezani. Faida yake huipata kaunta, kwa vinywaji na chakula kinachonunuliwa na wachezaji waliokaa hapo kwa saa 3 au 4.

Jinsi mchezo unavyochezwa

Aina ya poka inayotumiwa zaidi katika mashindano haya ni Texas Hold'em. Kila mchezaji hupewa karata 2 za siri, kisha karata 5 hufunuliwa katikati ya meza kwa awamu, kwanza 3, halafu 1, na mwisho 1. Karata hizo 5 ni za wote. Mchezaji huunganisha zake na zile za mezani ili kupata kundi bora la karata 5.

Wale waliozoea karata za mtaani hukutana na jambo moja geni. Poka haina turufu. Kopa, uru, pau na shupaza zina hadhi sawa, na kinachoamua ni muundo wa kundi: jozi moja, jozi mbili, tatu za aina moja, mfululizo, rangi moja na kadhalika. Kutoka katika pakiti ya karata 52 yanaweza kupatikana makundi 2,598,960 tofauti ya karata 5. Kati ya hayo, lile la juu kabisa, yaani mfululizo wa 10 hadi ree katika rangi moja, lina namna 4 tu za kutokea.

Katika kila awamu mchezaji huamua kujitoa, kufuata dau la mwenzake au kulipandisha. Hapo ndipo ustadi unapoingia. Mwenye karata dhaifu anaweza kuwatisha wenzake kwa dau kubwa hadi wajitoe, na mwenye karata kali anaweza kujifanya mnyonge ili wenzake waendelee kuchangia. Karata hugawiwa kwa bahati, ila uamuzi wa kuzitumia ni wa mchezaji.

Katika mashindano hachezi kwa fedha moja kwa moja. Kila mmoja hupewa idadi sawa ya vipande vya kuchezea vinavyoitwa chipu, ambavyo haviwezi kubadilishwa kuwa fedha. Anayeishiwa chipu hutolewa. Meza zinazopungukiwa wachezaji huunganishwa na nyingine, hadi inapobaki meza moja ya fainali na hatimaye mtu mmoja mwenye chipu zote.

Dau la lazima ndilo saa ya mchezo

Mgeni wa poka anaweza kudhani kuwa ukiketi kimya bila kuweka dau hutatolewa kamwe. Waandaaji walikwishalizuia jambo hilo kwa kuweka madau ya lazima. Kila karata zinapogawiwa upya, wachezaji wawili hulazimika kutoa dau kabla ya mchezo kuanza, mmoja dau dogo na mwingine dau kubwa. Zamu huzunguka meza nzima, na madau hayo hupandishwa kila baada ya dakika kadhaa.

Mfano wa hesabu unaonyesha nguvu ya utaratibu huo. Chukulia mashindano yenye watu 2,000, kila mmoja akianza na chipu 1,500. Jumla ya chipu zote ni 3,000,000, na idadi hiyo haibadiliki hadi mwisho. Dau kubwa la lazima likianzia chipu 20, kila mchezaji ana akiba ya kulilipa mara 75. Huo ni utulivu wa kutosha wa kuchagua karata.

Saa chache baadaye, watu 9 wanapobaki, kila mmoja ana wastani wa chipu zipatazo 333,000. Idadi hiyo inasikika kuwa utajiri. Lakini iwapo dau kubwa la lazima limefika chipu 30,000, akiba hiyo inatosha kulilipa mara 11 tu. Hakuna tena nafasi ya kusubiri. Ndiyo maana mashindano yaliyoanza na maelfu ya watu huweza kumalizika katika usiku mmoja, na ndiyo maana bahati huwa na sauti kubwa zaidi kadiri mwisho unavyokaribia.

Kasi ya kupanda kwa madau huandikwa katika maelezo ya kila shindano. Yanapopanda kila baada ya dakika 3, mchezo huelekea kuwa wa bahati zaidi. Yanapopanda kila baada ya dakika 10 au 15, ustadi hupewa muda wa kuonekana.

Vurugu za dakika za mwanzo

Mashindano yasiyo na kiingilio yana tabia yake ambayo wachezaji wazoefu huijua. Kwa kuwa hakuna aliyelipa, wengi hawaoni uchungu wa kutolewa. Katika dakika za mwanzo, watu 3, 4 au zaidi huweka chipu zao zote mezani kwa karata yoyote, wakitumaini ama kuzidisha akiba mara 4 au kwenda kulala mapema.

Hali hiyo hubadilisha thamani hata ya karata bora. Kupata ree mbili katika karata za mwanzo ni bahati inayotokea mara 1 katika migawo 221. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, ree hizo hushinda takriban mara 85 katika 100. Dhidi ya wapinzani 4 kwa pamoja, uwezekano huo hushuka hadi takriban mara 56 katika 100. Mwenye karata bora kuliko zote bado yuko mbele ya kila mmoja wao, ila amebaki karibu na nusu kwa nusu dhidi ya kundi lote.

Hesabu nyingine inaeleza kwa nini ujasiri wa kuweka chipu zote mara kwa mara haufiki mbali. Mtu anayeingia katika mapambano ya namna hiyo akiwa na uwezekano wa asilimia 80 wa kushinda, akifanya hivyo mara 5 mfululizo, ana uwezekano wa asilimia 33 tu wa kunusurika yote matano. Kila pambano lilikuwa uamuzi sahihi, na bado mara mbili katika tatu angekuwa ametoka.

Kwa sababu hiyo, wanaofanya vizuri katika mashindano haya hucheza karata chache mwanzoni, huwaacha wenye pupa wamalizane, kisha huongeza kasi madau ya lazima yanapoanza kuwa mazito.

Zawadi ikigawanywa

Sasa ije hesabu ya mapato. Katika mfano ule ule wa watu 2,000, chukulia mfuko wa zawadi ni dola 100. Wastani wa kila mshiriki ni senti 5 za dola. Hata hivyo, hakuna anayelipwa wastani. Kwa kawaida sehemu ndogo tu ya washiriki hulipwa, na zawadi za juu hubeba kiasi kikubwa. Wakilipwa watu 100 wa mwanzo, mshindi anaweza kupata dola 20 na wa mia akapata senti 30. Wengine 1,900 huondoka mikono mitupu.

Muda nao una bei. Iwapo kila mshiriki ametumia saa moja na nusu kwa wastani, umati huo umetumia saa 3,000 kugombania dola 100, yaani senti 3 na ushei kwa saa. Kama njia ya kujifunza mchezo, hiyo si hasara. Kama njia ya kujipatia kipato, hakuna kibarua wa mjini Bukoba ambaye angeukubali ujira huo.

Zaidi ya hapo, zawadi si mara zote fedha taslimu. Mara nyingi ni tiketi ya kuingia mashindano mengine yenye kiingilio. Tiketi hiyo huandikwa thamani yake kwa dola, lakini mara nyingi haiwezi kutolewa kama fedha na huwa na tarehe ya mwisho wa kutumika. Mashindano ya mchujo ya namna hii ndiyo yanayowapandisha wachezaji ngazi kwa ngazi, na katika kila ngazi wengi hubaki nyuma.

Anayelipa hutarajia nini

Kwa mwendeshaji, zawadi ya dola 100 ni gharama ya matangazo. Katika mfano huo huo ametumia senti 5 kwa kila mtu aliyefungua akaunti, akajifunza kutumia programu na kukaa nayo kwa muda. Iwapo 20 tu kati ya 2,000, yaani asilimia 1, wataamua baadaye kuweka dola 10 kila mmoja, zitakuwa zimeingia dola 200 kwenye akaunti za wachezaji, na kila zitakapochezwa, mwendeshaji atachukua makato yake.

Mwendeshaji wa poka hachezi dhidi ya mteja wake kama ilivyo katika gurudumu la kasino. Kipato chake ni sehemu ya kila dau na kila kiingilio. Kwa hiyo anachohitaji ni meza zilizojaa. Wachezaji wa bure ni kitalu cha wachezaji wa kulipa.

Wakulima wa Kagera hawahitaji maelezo marefu kuhusu kitu kinachotolewa leo ili kivunwe kesho. Mkoa huo umepambana kwa miaka mingi na butura, mtindo wa walanguzi kumpa mkulima fedha wakati kahawa ingali mtini, kisha kuichukua ikivunwa kwa bei ya kutupa. Serikali imeupiga marufuku mtindo huo mara kwa mara. Mchezo wa bure haufanani na butura kwa kila hali, kwani anayecheza bure na kuacha hana deni kwa mtu yeyote. Wanaofanana ni anayelenga mavuno yajayo katika pande zote mbili: anatoa kidogo mapema kwa sababu amekwisha kupiga hesabu ya atakachokusanya baadaye.

Mabingwa walioanzia chini

Simulizi zinazowavuta vijana zipo, na baadhi ni za kweli. Mwaka 2003, Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee nchini Marekani, alishinda fainali kuu ya mashindano ya dunia ya poka mjini Las Vegas na kuondoka na dola milioni 2.5. Kiingilio kilikuwa dola 10,000, lakini yeye alipata nafasi kupitia mchujo wa intaneti uliomgharimu chini ya dola 100. Mwaka huo washiriki walikuwa 839. Mwaka 2006 walifika 8,773.

Annette Obrestad wa Norway amesimulia kuwa alianza na mashindano ya bure akiwa na umri wa miaka 15. Septemba 2007, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, alishinda fainali kuu ya mashindano ya dunia ya poka kwa upande wa Ulaya mjini London na kupata pauni milioni 1. Mafanikio yake yana upande wa pili usiotajwa sana: kwa umri aliokuwa nao alipoanza, mtoto huyo hakupaswa kuwa mezani.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000. Mwaka 2006 alijiwekea jaribio la kuanza bila senti kwenye tovuti ya Full Tilt Poker, akianzia na mashindano ya bure, hadi afikishe dola 10,000. Alifaulu mwaka 2007, baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Alijiwekea sharti la kutohatarisha zaidi ya asilimia 5 ya akiba yake katika meza moja, na chini ya hapo katika mashindano makubwa. Bingwa wa dunia, mwenye elimu ya juu na uzoefu wa miaka mingi, alitumia miezi mingi akihangaikia dola chache za mwanzo. Anayeanza leo bila ujuzi huo hana sababu ya kutarajia njia iliyo fupi zaidi.

Fedha zilipokosekana

Tovuti hiyo hiyo ilikuja kuwa somo la aina nyingine. Aprili 15, 2011, waendesha mashtaka wa Marekani walizifunga anwani za intaneti za kampuni kubwa za poka, ikiwamo Full Tilt Poker. Septemba mwaka huo walidai mahakamani kuwa, hadi mwisho wa Machi 2011, kampuni hiyo ilikuwa ikidaiwa na wachezaji takriban dola milioni 390 huku benki ikiwa na takriban dola milioni 60 tu. Takwimu zilizoonekana kwenye akaunti za wachezaji hazikuwa na fedha nyuma yake.

Mwaka 2012 kampuni ya PokerStars ilikubali kulipa dola milioni 731 katika makubaliano yaliyohusisha kuichukua Full Tilt, na njia ya wachezaji kurejeshewa fedha zao ikafunguka. Watanzania walioshuhudia sakata la upatu wa DECI mwaka 2009 wanaweza kuutambua msiba huo. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi au kwenye kioo cha simu si fedha hadi itakapolipwa.

Sheria inasemaje

Nchini Tanzania, michezo hii husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Kasino, bahati nasibu, ubashiri wa michezo, mashine za michezo na kasino za mtandaoni huhitaji leseni ya bodi hiyo. Umri wa chini wa kushiriki ni miaka 18. Tangu mwaka 2017 sheria za fedha pia zimeweka kodi kwenye zawadi za washindi, na viwango vyake vimebadilishwa mara kadhaa.

Suala la leseni ndilo linalomgusa zaidi mchezaji. Akidhulumiwa na mwendeshaji mwenye leseni ya Tanzania, ana mahali pa kupeleka malalamiko. Akidhulumiwa na tovuti iliyosajiliwa katika kisiwa cha mbali, isiyo na ofisi wala leseni nchini, atakuwa akiandika barua pepe zisizo na wa kuzijibu.

Taarifa binafsi nazo ni mali. Tovuti nyingi humruhusu mtu kucheza kwa jina la kubuni, lakini siku anapotaka kutoa fedha humtaka nakala ya kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani. Haki hiyo ni vigumu kuidai kwa mtu asiyejulikana alipo.

Gharama zisizoandikwa

Neno bure lina gharama zake za pembeni. Ya kwanza ni kifurushi cha intaneti. Ya pili ni usingizi. Mashindano mengi hupangwa kwa saa za jioni za Ulaya. Yanayoanza saa 2 usiku London wakati wa majira ya baridi huanza saa 5 usiku kwa saa za Bukoba, na yakidumu saa 5, fainali yake huchezwa saa 10 alfajiri.

Ya tatu ni mtandao na umeme. Simu ikizimika au mawimbi yakipotea, mchezo hausimami. Programu humkatia mchezaji madau ya lazima na kuzitupa karata zake kila zamu inapomfikia, hadi arudi au chipu zimwishie. Aidha, waendeshaji wengi huruhusu akaunti moja kwa mtu mmoja. Watu wanaotumia kompyuta moja katika nyumba au kibanda cha intaneti wanaweza kushukiwa kuwa mtu mmoja mwenye majina mengi, na zawadi ikazuiwa.

Ya nne ni utapeli unaojificha nyuma ya neno hilo hilo. Katika nchi ambako ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewaliza wengi, haishangazi kuona mtu akiambiwa ameshinda shindano la bure na kwamba atume kwanza ada ya kufungulia zawadi. Kanuni hapa ni nyepesi. Zawadi ya shindano la bure haitanguliwi na malipo ya mshindi, na mtu hawezi kushinda shindano ambalo hakushiriki.

Mambo ya kukagua kabla ya kujiunga

Anayetaka kushiriki anapaswa kujua mapema mambo machache: mwendeshaji ana leseni ya nani, zawadi ni fedha au tiketi, kiwango cha chini cha kutoa fedha ni kipi, na kama kutoa huko kunahitaji kwanza kuweka fedha zake mwenyewe. Masharti ya mwisho hayo ndiyo hugeuza cha bure kuwa cha kulipia. Mtu aliyeshinda dola 3, huku kiwango cha chini cha kutoa kikiwa dola 10, hukuta njia mbili tu mbele yake, ama aendelee kucheza hadi zifike, ama aongeze za kwake.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mchezo usio na kiingilio hauombi kadi ya benki mwanzoni, hivyo mtoto anaweza kuujua kabla ya mtu yeyote nyumbani kutambua. Kinachoanza kama burudani ya likizo humzoesha kuona dau kuwa jambo la kawaida, na atakapofika umri wa kulipa atakuwa na mazoea ambayo hakuwahi kuulizwa kama anayataka.

Kwa mtu mzima anayeujua mpaka wake, mashindano haya yanaweza kuwa darasa la hesabu, subira na kusoma tabia za watu. Hatari huanzia anapohama kutoka meza ya bure kwenda ya dola 1, kisha ya dola 5, akiamini kuwa ushindi wa juzi dhidi ya watu waliokuwa wakitupa chipu ovyo umempa ujuzi wa kuwakabili waliolipa. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Anayelinda buyu lake hana budi kuamua kiwango cha fedha na muda kabla hajaketi, na kukiheshimu hata usiku ambao karata zimemkubali.